Nyumba ya Rabiata Inakuja kwa Barabara

Antanimasaja, Mahajanga,
Jumatatu, 12 Agosti 1963.

Mpendwa dada yangu Koultoum,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana barua hii si ya kusomwa mtu amesimama. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka mkekani? Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine utayasoma.

Najua ulipofungua mlango ulishtuka. Ulikuwa unamngoja Rabiata wiki ijayo, aje kwa barabara ndani ya nyumba yake, na badala yake ameshuka melini na jirani yetu Bi Hadidja na kifurushi kimoja tu. Usimuulize kitu kwanza. Mpe maji aoge, mpe chakula, mlaze. Barua hii ameibeba yeye mwenyewe, lakini hajui yaliyomo. Msahafu anausoma vizuri, ila mwandiko wangu huu wa herufi za Kiarabu, wa haraka usio na irabu, humshinda, na Kiswahili cha marehemu baba anakijua cha kuombea chumvi tu. Shule ya Kifaransa imemfundisha mengine. Basi nawe usimsomee.

Maulidi yalipita salama. Watu walijaa mpaka barazani, na pilau ilitosha, jambo ambalo hapa mtaani kwetu si la kila mwaka. Hapo ndipo kaka yetu Athoumani aliposimama mbele ya wanaume wote, kanzu imepigwa pasi, akatangaza kwamba nyumba ya mpwa wake imekwisha kupatikana na yeye mwenyewe ataipeleka Nosy Be kwa mkono wake. Watu wakamwombea dua. Tangu siku hiyo kaka hashikiki.

Unamjua alivyo. Rabiata alipozaliwa alisema nyumba ya mtoto huyu iko juu yake. Mume wangu Boinali alipofariki, Mungu amrehemu, akalisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Na kwetu sisi msichana hapelekwi nyumbani kwa mume kama gunia la mchele. Mume ndiye anayeingia kwa mkewe, na akileta ujeuri anatoka yeye, nyumba inabaki. Lakini Halidi, mchumba wake, kazi yake iko huko kwenu Dzamandzar, kwenye kiwanda cha sukari, analala bweni la vijana wasio na wake, na hawezi kuiacha aje kukaa Mahajanga. Wewe ukatupatia kiwanja uani kwako, Mungu akulipe. Kaka akajenga msingi, na msingi ukabaki msingi. Wewe mwenyewe ulinambia unaanikia nguo juu yake.

Sasa, Mfaransa mmoja aliyekuwa akipima barabara alikuwa anarudi kwao, kama wengi wao tangu tupate bendera yetu. Akaacha nyumba yake ya magurudumu. Wenyewe wanaiita karavani. Ni nyumba nyeupe ya bati laini, ina madirisha yenye mapazia, jiko dogo la gesi, kabati na kitanda. Magurudumu yake ni mawili, moja kila upande, na mbele kuna mkono mrefu wa chuma wa kuifungia nyuma ya gari. Mlango uko mbele, karibu na huo mkono. Kitanda kiko mwisho kabisa, nyuma. Tafadhali yashike haya mawili, mlango mbele na kitanda nyuma, maana ndiyo yaliyoniondolea usingizi.

Kaka alipoileta hapa mtaani, jamani, ungefikiri ameleta ndege. Watu wa Antanimasaja walipanga mstari kuchungulia. Wazee walipapasa bati. Kaka kasimama pembeni na mikono nyuma, anajibu maswali ambayo hajaulizwa. Nami sikatai, dada, siku ile nilifurahi. Nilisema moyoni, mwanangu ataolewa ndani ya kitu kinachong'aa.

Siku ya kwanza ya kuifunga kwenye gari, vyombo vyote vya harusi vilikuwa vimebwagwa mlangoni tu. Kasha la mvule la mama, masinia ya shaba, jiwe la kusagia, magunia ya mchele wa karamu. Wabebaji walichoka wakaviacha pale pale. Gari lake unalijua, ile pikapu ya Pijo iliyobeba nazi, wagonjwa na wapiga ngoma wa harusi za mji mzima. Walipoifunga tu, pikapu ikaketi kwa nyuma kama ng'ombe anayetaka kulala, pua ikaangalia juu. Watoto wakacheka. Kaka hakucheka.

Akamwita fundi Mouigni, rafiki yake wa tangu ujana, yule aliyekuwa akija kwetu kula kila Ijumaa bila kualikwa. Bado anakuja. Wawili hao wakaingia chini ya pikapu, na kwa siku nyingi nilikuwa naona miguu yao tu. Shida, walisema, ni springi. Wakazifungua zile springi za nyuma, vile vyuma vilivyopinda vinavyolaliana kama kanga zilizokunjwa, wakaongeza vyuma vingine vilivyotoka kwenye lori bovu. Wakatia boliti ndefu zaidi. Wakabadilisha na shokapu, ili gari lisirukeruke. Nyundo ziligonga hapa uani mpaka kuku wakaacha kutaga.

Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nilipanda pikapu kwenda sokoni, na ilikuwa ngumu kama baraza ya msikitini, kila shimo la barabara nililipokea kwa meno. Kaka akaniuliza, "Unaona ilivyokaza?" Nikamwambia naona, tena naona kwa kiuno. Akacheka sana. Huko ndiko kucheka kwetu kwa mwisho pamoja.

Wakati wanaume wako chini ya gari, sisi wanawake tulikuwa ndani ya nyumba. Bi Kouraichia ndiye aliyeshika uongozi, kama kila harusi tangu sisi wadogo, na ukimjua Bi Kouraichia unajua kwamba hapo hakuna wa kupinga. Akasema nyumba ni nyumba, iwe na magurudumu au isiwe nayo. Kasha la mwari linakaa ndani kabisa, mbali na mlango, kando ya kitanda. Kasha likikaa mlangoni, anasema, mwenyewe ana safari ya kuachika. Basi tukaliburuta mpaka mwisho. Masinia chini ya kitanda. Jiwe la kusagia chini ya kitanda. Mchele nyuma ya pazia, pale pale mwisho, kwa sababu mchele wa harusi hauonyeshwi wapita njia. Karibu na mlango hatukuacha kitu ila mkeka na buli la maji ya kunawia. Tukapamba, tukafukiza udi, na baada ya hapo ikawa kama kawaida yetu, mwanamume haingii tena mpaka aingie bwana harusi.

Kesho yake wakaifunga tena. Dada, pikapu ilisimama sawasawa. Tena zaidi ya sawasawa, nyuma ilikuwa juu kidogo. Kaka alipiga makofi, Mouigni akakumbatiwa, na mimi mjinga nikapiga kigelegele. Wote tulisema springi zimefanya kazi. Hakuna aliyesema kwamba mzigo umehama, kwa sababu sisi tuliojua mzigo uko wapi hatujui magari, na wanaojua magari hawaruhusiwi kuingia ndani.

Ijumaa baada ya sala kaka akataka kuijaribu mpaka Belobaka na kurudi. Akasema Rabiata apande ndani azoee, maana mwari hawezi kukaa mbele na wanaume kwa safari ndefu ya mpaka huko kwenu. Nikapanda naye. Tukakaa kitandani, tumefunga mlango, mapazia yamefungwa. Kwenda kulikuwa na raha. Upepo uliingia kidogo, Rabiata akawa ananionyesha atakapotundika nguo za Halidi.

Kurudi ndiko. Kuna mteremko pale, si mkubwa, wewe umeupita mara nyingi bila kuuona. Kaka akaiachia pikapu ikashika kasi. Nyumba ikaanza kutikisa mkia. Kwanza pole pole, kushoto, kulia, Rabiata akacheka. Kisha ikazidi, na kila ikienda upande mmoja ilirudi kwa nguvu zaidi upande wa pili. Nikasikia breki zinalia, na badala ya kutulia ikawa wazimu mtupu. Tulirushwa kitandani kama dagaa ungoni. Rabiata akapiga uso kwenye kabati, hilo jeraha utakaloliona juu ya nyusi ndilo hilo, asikwambie ameanguka kisimani.

Mimi nikaanza kutambaa kuelekea mlangoni nimwite kaka, nimemburuta na mwanangu kwa mkono. Na hapa ndipo penye neno langu, dada. Tulipofika mbele sote wawili, tumelala juu ya mkeka mlangoni, nyumba ikapungua kutikisika. Wallahi niliisikia mwilini. Kisha ikapiga jiwe, tukarudishwa nyuma mpaka kitandani, ikaanza tena. Nikatambaa mbele mara ya pili, ikatulia tena, na gari likasimama limekaa kombo barabarani. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa unakuja. Mwenye ng'ombe aliteremka, akawapitisha ng'ombe wake kando.

Nilishuka. Nikashika ule mkono wa chuma, baada ya Mouigni kuufungua aangalie, nipate mahali pa kuegemea. Ukanyanyuka. Mimi mwanamke, kwa mkono mmoja, niliinua pua ya nyumba nzima kama mtu anayefunua chungu. Siku ya kwanza, mzigo ulipokuwa mlangoni, wanaume wanne waliihemea. Hapo nikaelewa. Uzito wote umekaa nyuma, nyumba inauvuta mkia wa pikapu kwenda juu, na pikapu haina tena nguvu ya kuishika. Zile springi walizoziongeza hazikuwa dawa ya ugonjwa ule.

Nikamwambia kaka. Nilimwambia kwa adabu, mbele ya Mouigni nikanyamaza, tukafika nyumbani nikamwambia faraghani. Kasha lisogezwe mbele. Akaniambia, "Hachimia, mambo ya gari niachie mimi. Ulikuwa upepo." Upepo! Siku ile hata majani ya mnazi hayakutikisika. Jumamosi asubuhi wakaingia tena chini ya pikapu, wakaongeza chuma kingine.

Nikaenda kwa Bi Kouraichia. Nikambembeleza, nikamshika miguu. Akaniuliza kama nataka mwanangu aachike kabla ya kuolewa. Nikamwambia nataka awe hai kabla ya kuachika. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kuchagua mchele.

Basi nikapiga moyo konde. Jumamosi alasiri, watu wakiwa mazikoni kwa mzee wa mtaa wa pili, niliingia peke yangu nikasogeza nilivyoweza. Masinia, jiwe la kusagia, magunia, vyote nikavileta mbele. Kasha halikunipa hata kidole. Jana asubuhi kaka anatoka, pikapu imeketi kidogo kwa nyuma. Ee Mungu wangu, makelele! Alidhani vyuma vya Mouigni vimelegea. Akamtukana, Mouigni naye akaapa kwa mama yake, marafiki wa maisha karibu washikane mashati pale uani. Ndipo Bi Kouraichia akaingia ndani, akatoka, akaninyooshea kidole mbele ya watu.

Dada, kaka hajawahi kuniinulia sauti tangu baba afe. Jana aliniinulia. Alisema ninamwaibisha mbele ya mji, ninataka watu waseme Athoumani ameshindwa kumpa mpwa wake nyumba. Alisema nikigusa tena kitu mle ndani yeye anaondoa mkono wake katika harusi hii, na nimtafute mwanamume mwingine wa kusimama na mwanangu. Vyombo vikarudishwa nyuma. Pikapu ikainuka. Kila mtu akaridhika, na mimi nikaenda kulia jikoni kwenye moshi, watu wasijue ni machozi.

Simchukii. Ungemwona uso wake unavyong'aa akiizunguka ile nyumba na kitambaa, akifuta vumbi ambalo halipo. Maisha yake yote ameendesha mali za wengine, mwanzo za Wafaransa, kisha za wafanyabiashara. Hii ndiyo ya kwanza anayoipeleka kwa jina lake. Ukimwambia ina kasoro ni kama unamwambia yeye ana kasoro. Nami nampenda, kichwa chake kigumu hicho hicho.

Wameazimia kuondoka Alhamisi alfajiri, yeye na Mouigni mbele, na vyuma viwili vya akiba vimefungwa kwa kamba. Njia unaijua. Baada ya Belobaka ni kona na miteremko, kisha vumbi lote lile mpaka Boriziny, mito ya kuvuka kwa pantoni ambako gari linashuka ukingoni kama linaingia kaburini, Mungu anisamehe neno hilo, halafu Antsohihy, halafu milima ya kuelekea Ambanja, na mwisho pantoni ya baharini mpaka kisiwani kwenu. Mteremko ule mdogo wa Ijumaa hauhesabiki mbele ya hiyo. Dereva mmoja wa lori anayepita huko alikuja juzi kuiona nyumba. Alizunguka mara moja, akauliza nani analala ndani. Nilipomwambia ni mwari, akasema "Inshallah" na kuondoka, na chai niliyommiminia hakuinywa.

Ndiyo maana Rabiata yuko kwako. Leo nimemwambia nitamwambia mjomba wake baadaye, taratibu, na nyumba itakuja tupu nyuma yake. Alilia, anaona aibu kufika kwa mumewe kama mtu aliyetoroka. Nikamwambia aibu inaoshwa na maji. Kesho kabla ya adhana Bi Hadidja atamchukua bandarini kichwa kimefunikwa, kama anasindikizwa hospitali. Watu wa hapa hawatajua.

Kaka naye hatajua. Wewe unajua desturi yetu, mwari akishawekwa ndani mwanamume hasemi naye, hata mjomba. Chakula chake kinapitishwa mlangoni, mtu amegeuza uso. Atakachokiona kaka Alhamisi asubuhi ni mwanamke aliyefunikwa uso na mwili kwa shuka la shiromani, anasaidiwa kupanda na shoga yangu Rahamatou, mlango unafungwa. Mwari yumo, nyumba iondoke. Akiniulizia mimi, Rahamatou atamwambia bado nimenuna jikoni.

Mwari huyo ni mimi, Koultoum.

Usipige kelele, Rabiata atasikia. Nisikilize kwanza. Ningeweza kubaki nyumbani nimeshika tasbihi, mwanangu amesalimika, na nikamwacha kaka yetu ashuke ile milima na kifo amekifunga nyuma ya gari. Nikifanya hivyo nimemuua, na itabidi niishi na hilo. Yeye hawezi kuingia kuupanga mzigo, Mouigni hawezi, na Bi Kouraichia haendi safari hii. Desturi iliyonifungia mlango hapa nyumbani, barabarani itanilinda. Humo ndani nitakuwa peke yangu na hakuna mwanamume atakayethubutu kufungua. Tukiupita tu mji nitaanza kusogeza. Magunia kwanza, kisha masinia, kisha jiwe. Pikapu ikiketi, kaka ataona, atatukana, atasimama, ataongeza vyuma vyake, na hapo ndipo vyuma hivyo vitakapokuwa na kazi ya kweli. Aongeze tu. Mzigo mbele na springi ngumu chini yake, tutafika.

Ila kasha. Kasha lilibebwa na wanaume wanne. Nimeficha mle ndani ya karavani mtaimbo mdogo wa Boinali na kipande cha sabuni cha kupaka sakafuni liteleze. Nikilipata kulisogeza kabla ya miteremko ya kwanza, sina wasiwasi. Nisipoliweza, nitalala mlangoni juu ya magunia, uzito wangu nao si haba, wewe umenicheka kwa huo mwili miaka yote. Sijui kama utatosha. Nasema ukweli, dada, naogopa. Tangu Ijumaa nikifumba macho tu nasikia zile breki.

Kuna jambo la kukuomba. Tukifika, nitashuka mimi, kaka atapiga ukelele mpaka huko kiwandani, na wewe utasimama katikati yetu kama ulivyokuwa ukifanya tukigombana utotoni. Kisha Rabiata ataingia nyumbani kwake, na kasha nitalirudisha ndani kabisa kwa mikono yangu, Bi Kouraichia akitaka aje kukagua.

Tusipofika, usimwache Halidi asubiri, na msiahirishe kwa ajili ya matanga. Mpe mwanangu chumba chako cha uani, kwa maneno ya wazi mbele ya mashahidi, kiwe chake yeye na si cha mume, aolewe humo Ijumaa ile ile tuliyoipanga. Awe na mlango wa kumfungulia mtu na wa kumfungia. Sina kingine cha kukuomba duniani. Na asiambiwe nilikuwa wapi, mpaka awe na mtoto wake mwenyewe. Wakati huo ataelewa bila kuelezwa.

Nisalimie shemeji, na Hayrat mkwe wako, na wajukuu wote mmoja mmoja. Nisalimie Halidi, mwambie mama mkwe wake amesema ahame bweni hilo na aache kuvuta sigara kitandani. Bi Hadidja mpe kitu cha kurudi nacho, amejitolea bila kuuliza maswali, na yeye maswali ndiyo chakula chake.

Nami nakuaga kwa dua. Mungu akuwekee nyumba yako, awaweke walio ndani yake na awafikishe walio njiani. Nisamehe kwa kila neno nililokukwaza, na mimi nimekusamehe hata lile la bangili.

Jumatatu ijayo, au siku moja mbili baadaye, ukisikia honi mlangoni usimtume mtoto. Toka wewe mwenyewe, uangalie tunashuka wangapi.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Hachimia